Mama Mkwe na Kibanda cha Nyuma

Mama mkwe wangu, Bi Nazira, hanywi maji kwenye kikombe ambacho hakukisuuza mwenyewe. Hata ukikitoa kwenye maji yanayotokota mbele ya macho yake, atakipokea, atakigeuza, atakinusa, halafu ataomba kata ya maji akisuuze tena.

"Sikushuku wewe, Mama Wahida," huniambia. "Nakishuku kikombe."

Tunaishi naye Palma, kaskazini mwa Msumbiji, mimi, mume wangu Cassamo na binti yetu Wahida, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe. Nyumba ni ya Bi Nazira. Hakuna anayelisahau hilo, na akitokea wa kulisahau hukumbushwa kabla chai haijapoa. Kuku hawapiti barazani. Mkeka wake wa kuswalia, aliousuka kwa mkono wake, haukanyagwi hata na mjukuu. Paka wa jirani alipoingia jikoni alimfukuza kwa ufagio, nami nikamwambia, "Mama, si wanasema paka si najisi?" Akanijibu, "Najua si najisi. Huyu ni tabia yake siipendi."

Naeleza haya ili ueleweke ugumu wa jambo nililotaka kumwomba. Nilitaka tufuge mbwa.

Shamba letu liko Mute, ukitoka barabara kuu unatembea kidogo. Tumelima muhogo na njugu. Mwaka huu nguruwe pori wamekuja kama walioalikwa. Wanafukua mstari mzima, wanauma hapa, wanauma pale, wanaacha, kama watu wanaoonja vitu sokoni bila nia ya kununua. Cassamo akajenga dungu la miti, kile kichanja cha juu cha kulindia shamba, akaanza kulala huko. Nguruwe wakija anapiga debe, wanakimbia.

"Ukipiga debe, nani anasikia?" nilimwuliza.

"Nguruwe."

"Na nani tena?"

Akachukua debe lake, akatoka. Huku kwetu swali hilo watu hawajibizani. Tulishakimbia vita, tukakaa Pemba, ile ya Msumbiji, kwa watu, tukarudi. Tangu turudi, mlango wa jirani ukigonga kwa nguvu, mimi kwanza natazama viatu vyangu viko wapi. Cassamo akilala shamba sipati usingizi, namsikia tu Bi Nazira akikohoa chumbani kwake. Asubuhi anarudi na macho mekundu, ananikuta na yangu mekundu zaidi, na Bi Nazira anatuuliza tumegombania nini.

Sikumwambia kwamba naogopa. Mama wa mtu humwambii kwamba unamwogopea mwanawe, utaonekana unamchuria.

Aliyenipa wazo ni Gracinda, jirani yetu wa shambani, Mmakonde, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kinachofika barabarani. Mumewe anawinda, na jike lao la mbwa lilikuwa limezaa.

"Mana, dada yangu, chukua mmoja," aliniambia. "Mbwa anamsikia mtu wakati bado anafikiria kuja. Mume wako atalala, mbwa atakesha."

"Na mama mkwe?"

"Kwani mama mkwe anabweka?"

"Kumshinda mbwa."

"Basi huna haja ya mbwa. Mpeleke yeye shamba."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza, na kesho yake nikaenda madrasa kumwuliza Mwalimu Zuberi. Alinisikiliza vizuri.

"Mbwa wa kulinda shamba hana ubaya," alisema. "Asiingie ndani mnamolala. Awe na chombo chake. Akilamba chombo chenu, kiosheni mara saba, na mara moja iwe kwa udongo safi. Sheria haina tatizo, mama. Tatizo ni Bi Nazira."

"Hutaweza kuja kuzungumza naye, Mwalimu?"

Aligeuka akaanza kuwakemea watoto ambao walikuwa wametulia kabisa.

Cassamo alitaka tumwambie mama yake mara moja. Nikamkatalia. Bi Nazira akishasema hapana, hapana hiyo haitoki tena mdomoni mwake, hata yeye mwenyewe akitaka itoke. Nikamwambia tutayarishe kwanza kila kitu, kwa usafi, ili siku ya kumwambia asipate pa kushika. Aone kibanda kiko mbali, chombo kiko mbali, udongo upo. Cassamo akasema kama ninavyoona mimi. Amelelewa na Bi Nazira. Kubishana na mwanamke hakufundishwa.

Tukaanza. Cassamo alijenga kibanda nyuma ya choo, ukutani kabisa, kwa matete na kipande cha bati. Mama yake akamwuliza ni cha nini. Akasema cha bata. Bata hatukuwa nao.

Mimi nikaleta ndoo ya udongo mwekundu kutoka Mute, chini ya mkorosho, kwa sababu udongo wa uani kwetu unapitwa na kuku na sikuwa na imani nao. Bi Nazira akaniuliza wa nini. Nikasema wa kusugulia masufuria. Akatazama masufuria, yaliyokuwa yanang'aa, akanitazama mimi.

Ndani ya kibanda nilitandika gunia, na juu yake blanketi lake kuukuu, lile alilonipa nilitupe. Halafu nikanunua sokoni sahani ya bati ya bluu, mpya. Hapo ndipo wasiwasi ulinizidi. Huku tukiwa na shughuli kila nyumba hupeleka sahani zake, na kila mtu huweka alama ya rangi chini ya sahani ili zirudi kwake. Nikaona alama haitoshi. Ya bluu inaweza kuchanganyika na nyingine, ikaingia jikoni, ikapakuliwa wali, ikapelekwa msibani. Nikamwambia Wahida aandike kabisa. Akachukua rangi yake nyekundu ya kucha, akaandika chini ya sahani kwa herufi kubwa: MBWA. Bi Nazira anasoma msahafu kuliko wengi, lakini herufi za shuleni hazijui. Nikaona hapo tumefunga kila mlango.

Kisha Bi Nazira akabadilika.

Jambo la kwanza, alikunywa chai bila kusuuza kikombe. Nilimpa, akapokea, akanywa. Nikatoka mbio kumwambia Cassamo, "Mama yako anaumwa."

Hakuwa anaumwa. Alikuwa na adabu. Alianza kuniambia "ahsante mwanangu" kwa kila kitu, hata kwa chumvi. Kuku alipopita barazani alimtazama tu akipita. Alimwita Wahida akampa mkeka wake mzuri wa rangi, akamwambia, "Uwe nao wewe, mimi nitakuwa sina pa kuutandaza." Mimi nikaingiwa na hofu mpya. Nikadhani ameota kifo chake.

Siku moja natoka kuchota maji nikamkuta amechuchumaa mbele ya kile kibanda, ameingiza kichwa ndani, kilemba kimegusa bati.

"Mama, umepoteza kitu?"

Akatoa kichwa taratibu. "Hapana, mwanangu. Natazama upepo unapita wapi."

"Bata wanapenda upepo," nikasema.

"Bata," akasema. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsamehe mtu. Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda zake.

Jioni hiyo Wahida akanijia ananong'ona. Bibi yake ameikuta sahani ya bluu nilikoificha, ameigeuza, akamwuliza kimeandikwa nini.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia jina."

"Jina la nani?"

"Ndivyo na yeye alivyouliza. Nikasema la mwenye sahani. Si kweli, mama? Sikusema uongo."

Ijumaa, baada ya swala, tukakaa kula. Nilikuwa nimepika ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Bi Nazira aliingia chumbani kwake, akatoka na sahani ya bluu mkononi, akaiweka mbele yangu.

"Nipakulie humu."

Nikaishika ukingo. "Mama, hiyo si... hiyo bado..."

"Bado nini? Nimeuliza, nimeambiwa ina jina la mwenyewe. Nipakulie, nizoee."

Nilimtazama Cassamo. Cassamo alitazama ugali. Nikapakua, mchuzi ukamwagika kwenye mkeka, naye hakusema neno kuhusu mkeka. Akasema bismillahi, akakata tonge, akala. Wahida alijifunika uso na ncha ya kapulana, kanga ya huku kwetu, mabega yanaruka.

Bi Nazira alikula matonge kadhaa. Halafu akanawa vidole, akaviweka magotini.

"Sina maneno mengi," alisema. "Mmenitunza vizuri. Nina moja tu la kuuliza. Ule mlango wa kibanda, mimi nitaingiaje? Magoti yangu haya hayatambai tena. Na wewe Cassamo, mwanangu, nimekunyonyesha, ndiyo nyuma ya choo?"

Tonge la Cassamo lilikuwa limesimama hewani. "Mama, uingie kibandani kufanya nini?"

"Si ndiko mnakonihamishia?"

"Nani anakuhamisha?"

"Msinifanye mtoto. Mmejenga chumba, mnaniambia bata. Blanketi langu liko ndani, nimeliona. Sahani yangu peke yangu, ina jina langu, nisichanganyike na watu. Hata udongo mmeniwekea ndoo nzima, sijui wa kuniogeshea au wa kunizikia." Sauti ikaanza kumpanda, ile ya zamani, na mimi kwa kweli nikafurahi kuisikia. "Pemba nililala kwenye baraza za watu, ufunguo wa nyumba hii nimeufunga kwenye pindo la kapulana. Nikasema nikirudi kwangu sihami tena. Kumbe nimerudi nije kuhamishwa kutoka kwangu kwenda kwangu!"

Aliyemjibu ni Wahida.

"Bibi, si ya kwako. Ni ya mbwa."

"Nini ni ya mbwa?"

"Kibanda. Na blanketi. Na udongo ni wa kuoshea akilamba vitu."

"Mbwa?"

"Mbwa."

"Mbwa wa miguu minne?"

"Ndiyo, bibi."

Bi Nazira alifumba macho. "Alhamdulillahi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alivuta pumzi, akafumbua macho, akaitazama sahani iliyokuwa mbele yake, na mwiba wa samaki ukingoni.

"Na hii, jina la mwenyewe lililoandikwa hapa ni la nani?"

Wahida alikuwa ameshafika uani.

"Astaghfirullahi!" alisema Bi Nazira.

"Hajaja, mama!" nikadakia, nusu nimepiga magoti. "Mbwa mwenyewe hajaja! Sahani ni mpya, nimeitoa sokoni, nikaificha, hajaiona hata kwa mbali!"

"Hajailamba?"

"Hajui kama ipo."

Alifikiri. Nilikuwa najua anafikiria nini, kwa sababu macho yake yalikuwa yanapanda juu kama ya mwanafunzi anayekumbuka somo. Mwishowe akarudisha mkono kwenye sahani, akakata tonge.

"Chombo hakiwi najisi kwa kupewa jina," alisema. "Samaki wako ana chumvi nyingi."

Baada ya chakula alitaka kujua ni nani hasa mwenye wazo hilo. Cassamo alinitazama, basi sikuwa na pa kujificha. Nikamweleza nguruwe, dungu, debe. Nilipofika kwenye debe nikasema tu kwamba usiku sauti ya debe inakwenda mbali. Yeye akawa anasugua goti.

"Kwa hiyo macho mekundu yale si ugomvi," alisema.

"Si ugomvi, mama."

"Na mimi nilikuwa nafurahi kwamba kuna mtu mwingine nyumba hii ambaye halali." Akamgeukia Cassamo. "Unadhani nakohoa usiku kwa sababu ya kifua?"

Basi akakubali mbwa. Lakini alikubali kwa namna yake. Sahani ya bluu ni yake na haitoki tena. Mbwa atafutiwe kopo. Jina lifutwe. Mbwa hakanyagi barazani, na baada ya kuzoea watu anakwenda shamba. Na kibanda kibomolewe.

"Kibomolewe kwa nini?" akauliza Cassamo. "Si umekubali?"

"Kile kibanda mimi nimekitazama kwa macho ya mtu atakayekaa humo," alisema. "Mvua itaingia upande wa choo. Bati liko chini, mchana ni tanuri. Harufu sisemi. Mlimjengea mbwa au mlimjengea adui? Kipeleke kwenye mwarobaini, kwenye kivuli, na paa uliinue. Blanketi liache, ni zuri lile."

Nikamkumbusha kwamba aliniambia nilitupe.

"Lilikuwa baya kabla sijadhani ndilo nitakalofia."

Cassamo alijenga upya siku mbili, mama yake amekaa kwenye kigoda anamwelekeza. Kibanda cha pili kilikuwa kizuri kiasi kwamba jirani mmoja aliuliza kama tunapangisha.

Siku ya kumchukua mbwa tulikwenda Mute mimi na Cassamo, yeye amebeba kamba nene aliyoisokota mwenyewe, ya kuweza kufungia ng'ombe. Gracinda akatuletea kikapu. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya udongo, kimelala, kikubwa kama mkate.

"Ndiye huyu?" Cassamo akauliza.

"Ulitaka nani?"

"Wa kulinda."

"Atalinda. Mpe nafasi, juzi tu alikuwa ananyonya."

"Na nguruwe wakimwona?"

Gracinda alimtazama kuona kama anatania, akaona hatanii. "Wakimwona watamfanya kitafunio," alisema, na kicheko chake kikafika barabarani na kurudi.

Ndivyo ilivyokuwa. Tulifikiria najisi, udongo, sahani, kamba, upepo, mvua, na hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba mbwa mdogo ni mdogo. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufuga mbwa, wala baba zetu. Mbwa tuliowaona ni wakubwa, wanaopita na wenyewe. Sijui nilidhani nini. Labda kwamba anakua kama kifaranga, unageuka unamkuta jogoo.

Bi Nazira alikuwa anatungoja mlangoni na fimbo. Alikisogelea kikapu, akasimama mbali kidogo, akakinga pua na kapulana, akachungulia. Yule mtoto wa mbwa akapiga chafya.

"Huyu ndiye atakayemlinda mwanangu?"

Cassamo akaificha kamba nyuma ya mgongo.

"Nani atamlinda yeye?" Akaanza kucheka. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu akicheka vile, mpaka akakaa, fimbo ikaanguka. Alipomaliza alijifuta macho, na uso ukarudi kuwa wa mwenye nyumba.

"Cassamo. Mpaka huyu awe mbwa kweli, shamba hulali."

"Mama, nguruwe watamaliza muhogo wote."

"Wamalize. Muhogo hauna mama. Wewe unaye."

Mimi niliinama kufungua kamba ya kikapu, nikachukua muda mrefu kuifungua, ili mtu asinione uso.

Tangu siku ile Cassamo anakwenda shamba alfajiri kukishapambazuka, anarudi kabla ya magharibi. Nguruwe wamekula, sisemi hawakula. Lakini njugu zimepona, na muhogo uliobaki unatutosha. Wahida alimpa mbwa jina, Xerife, yaani mkuu wa polisi kwa Kireno. Bi Nazira anamwita Wewe. "Wewe, ondoka hapo. Wewe, umekula?" Vichwa vya samaki anavitenga mwenyewe, anavirusha kwa mbali kama anayelisha mamba. Siku Wewe alipomlamba pindo la kapulana, aliivua, akaiosha mara saba, mara ya kwanza kwa udongo wangu wa Mute, na kila mara moja alimpa mbwa somo moja, naye amekaa mbele yake, masikio yamesimama, anasikiliza vizuri kuliko watoto wa Mwalimu Zuberi.

Na anakua. Hilo tuliliona wote, na sisi wawili, mimi na Bi Nazira, hatukulisema.

Mwezi uliopita Gracinda alipita nyumbani, akamwona amelala chini ya mwarobaini.

"Mana, mbona huyu bado yuko hapa? Kaka yake ameshaanza kuwinda."

"Huyu amechelewa kidogo," nikamwambia, nikamkaribisha chai haraka.

Juzi asubuhi Cassamo alitoa ile kamba nene, akamfunga Wewe shingoni. Bi Nazira alikuwa barazani anakula mkate kwenye sahani yake ya bluu. Jina halijafutika vizuri. Ukiinua unaona bado M na nusu ya B.

"Unampeleka wapi mtoto huyo?"

"Shamba, mama. Leo tunalala huko. Amekua. Tazama, ananifika gotini."

"Gotini ndiyo ukubwa? Wewe ulikuwa unanifika kiunoni, na mkeka wako wa kulalia nilikuwa nauanika kila asubuhi."

"Mama!"

"Nasema uongo? Bado mdogo huyo. Mwache."

Cassamo akanigeukia mimi, kama mtu anayetafuta shahidi. Mbwa alikuwa amesimama kando yake, kifua kipana, sauti yake inasikika mpaka msikitini. Nilimtazama kwa makini, juu mpaka chini, kama ninavyotazama kila kitu.

"Mama amesema kweli," nikasema. "Bado mdogo."

Cassamo alifungua kamba. Wewe akajinyoosha, akarudi kwenye kivuli akalala, na Bi Nazira akaniomba kata ya maji asuuze kikombe.